Chuma cha vitumbua cha matundu saba: miezi mitano jikoni na mtoto asiyetulia

Mwezi wa tatu, siku moja kabla gari la taka halijapita mtaani kwetu, niliimwaga ndoo ya jikoni juu ya gazeti, nikachuchumaa uani na kuanza kuchambua. Nilikuwa natafuta hereni. Hereni sikuiona. Niliona karatasi 19 za biskuti, vipakiti vinne vya juisi pamoja na mirija yake, na vikopo viwili vya mtindi. Vyote vya wiki moja, na vyote vya mtu mmoja ambaye hajatimiza hata miaka miwili, ambaye nyumbani tunamwita Mzee Baba kwa jinsi anavyong'ang'ania kiti cha baba yake. Chini kabisa ndiko kulikokuwa na aibu yenyewe: wali uliochacha, ndizi kisukari tatu zilizogeuka nyeusi, na nusu boga lililoanza kutoa ute. Yaani chakula natupa, halafu navaa kandambili naenda dukani kununua karatasi yenye unga na sukari ndani.

Mifuko ya rambo tuliagana nayo ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli mitaro yetu ilipumua kidogo. Lakini vifungashio vya kiwandani marufuku ile haikuvigusa. Karatasi ya biskuti bado inatoka mkononi mwa mtoto, inapeperushwa hadi kwenye mtaro, na mvua za masika zikija ndiyo inayorudi na maji mlangoni.

Nilimsimulia mama mkwe kwa simu. Yeye ni mtu wa Tanga, hana maneno mengi. "Mwanangu, huyo mumeo tulimlea kwa biskuti? Kanunue chuma, viporo vyako vyote vitapata kazi." Nikamjibu sawa mama, nikijua kabisa kwamba vitumbua sijawahi kupika maishani mwangu. Mimi ni fundi cherehani, vitumbua nanunua asubuhi kwa mama wa kona kama watu wengine.

Sasa nieleze nilivyoingizwa mjini, maana ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Chuma cha kwanza nilikinunua kwa elfu tisa, kwa muuzaji wa kando ya barabara karibu na ninaposhukia daladala. Kilikuwa cheusi tii. Kijana akakigonga kwa kijiko kikalia, akasema, "Chuma tupu hicho mama, utamrithisha mtoto." Nikakibeba kwa mkono mmoja mpaka nyumbani, mkono mwingine una mtoto na fungu la mchicha, na hapo ndipo ilipotakiwa nishtuke, kwa sababu chuma halisi cha matundu saba hakibebwi hivyo. Nilipokisugua kwa stiliwaya weusi wote ukatoka, chini kukatokea rangi ya sufuria. Nikachukua sumaku iliyokuwa mlangoni mwa friji nikaibandika. Ikateleza ikaanguka. Nilikuwa nimenunua alumini ya kusubu, imepakwa masizi.

Kuna atakayeuliza, kwani shida iko wapi, si inaiva? Inaiva, tena haraka. Shida ni kwamba vyombo vya kusubu hutengenezwa kwa kuyeyusha chakavu chochote kilichopatikana: vipande vya injini, redieta, makopo, mabaki ya vifaa vya umeme. Humo ndimo madini ya risasi yanamoingilia. Vyombo vya namna hii vimepimwa katika nchi kadhaa, Cameroon ikiwemo, vikakutwa vinaachia risasi kwenye chakula, na kikiwa na uchachu inaachiwa zaidi. Mchanganyiko wa vitumbua uliolala na hamira una uchachu wake. Na kwa mtoto mdogo hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama, maana inadhuru ubongo unaokua. Changu sikukipeleka kupimwa, kwa hiyo siwezi kukisingizia. Lakini siwezi kumpikia mtoto kila asubuhi kwenye chombo ambacho hata aliyekiyeyusha hajui aliweka nini. Sasa hivi kipo juu ya kabati la vitambaa, mbali na mikono ya Mzee Baba, na kila tundu lina vifungo vya aina yake. Kwa kazi hiyo nakipa alama zote.

Chuma cha pili nilikifuata Kariakoo, kwa wauza vyombo, sumaku ikiwa kwenye pochi. Muuzaji alianzia elfu ishirini na nane. Nilipoitoa sumaku alicheka, akawaita wenzake waje waone. Ikaganda, mpaka nikaibandua kwa kucha. Tukamalizana elfu ishirini na mbili. Niliporudi mtaani nilipita kwa muuza nyama akaniwekea kwenye mizani: kilo mbili na robo. Hiki ndicho ninachokizungumzia kuanzia hapa.

Ukikitoa dukani hakipiki. Hili wauzaji hawalisemi. Kina rangi ya kijivu, kinanuka grisi, na uso wake ni wa chengachenga. Nilikiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakikausha juu ya moto, nikakipaka mafuta ya alizeti kidogo sana kwa kitambaa, nikakiacha kwenye moto mpaka kikafuka moshi, kisha nikakiacha kipoe. Mara tatu. Jirani alichungulia akadhani naunguza mboga. Pamoja na yote hayo vitumbua vya kwanza vilishika vyote saba, nikavikwangua kwa kijiko tukala makombo. Siku ya pili vikatoka vinne. Siku ya tatu nikakizungusha kimoja kwa kijiti cha mishikaki kikageuka chenyewe, kikaonesha tumbo la kahawia, na hapo nilipiga kelele peke yangu jikoni kama mtu aliyeona goli.

Tangu siku hiyo sikioshi kwa sabuni. Nafuta kwa kitambaa, napaka mafuta, natundika. Wiki moja nilisafiri nikamwachia mdogo wangu, akakiloweka kwenye beseni usiku kucha kama sufuria ya ugali. Nilirudi nikakuta kutu nyekundu kila tundu, nikaanza upya na moshi wangu. Kama nyumbani kwako vyombo vinaoshwa na mtu mwingine, mwambie mapema.

Kuhusu mafuta: kitunguu nusu nakichoma kwenye uma, nachovya kwenye kijiko kimoja cha mafuta, napitisha kila tundu. Kijiko hicho kinatosha mizunguko miwili, yaani vitumbua kumi na vinne. Kitunguu chenyewe kinaishia kwenye mchuzi wa mchana. Wale wanaopenda vitumbua vinavyoogelea mafuta, vya kwangu hawatavipenda. Mume wangu ni mmoja wao.

Ninachokisifu zaidi ni ukubwa wa tundu. Linachukua vijiko viwili vya chakula, si zaidi. Kitumbua kinachotoka kinakaa sawasawa ndani ya ngumi ya mtoto wa miezi ishirini. Mzee Baba hukishika kwa vidole vyote vitano, anakiangalia kwanza upande wa mviringo, halafu anang'ata ukingo, pale penye ukaukau, ndipo anafika ndani kwenye ulaini. Meno yake yapo ya mbele na magego machache, na anakimudu. Biskuti alikuwa akiinyonya hadi inakuwa uji, kisha uji huo anaupaka kwenye kochi. Kitumbua kinaacha punje chache tu sakafuni na sisimizi wanazimaliza. Mara moja alikitia chote mdomoni akatoa macho. Tangu hapo nakipasua vipande viwili, na anakula amekaa. Kukimbia na kitumbua mdomoni ni marufuku kubwa zaidi humu ndani.

Sasa viporo.

Mchanganyiko wangu wa kila siku ni huu: kikombe kimoja cha wali wa jana, ndizi kisukari tatu zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, yai moja, vijiko vitatu vya unga wa mchele, machicha ya nazi vijiko viwili na punje mbili za iliki. Vyote kwenye blenda isipokuwa machicha, hayo nayakoroga mwishoni kwa mkono. Ukiona mzito, ongeza tui la pili kidogo. Hamira siweki, wala sukari. Ndizi iliyofikia hatua ile ina utamu wa kutosha, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23 limeshasema vyakula vyenye sukari nyingi na vinywaji vya kutiwa sukari si vyao. Wiki ya kwanza alikitema. Wiki ya pili akakisahau kutema.

Machicha niyazungumzie kidogo. Sisi tuliozaliwa pwani tunakuna nazi, tunakamua tui la kwanza, la pili, halafu kile kilichobaki kwenye kifumbu tunawamwagia kuku. Mimi kuku sina. Kwa miaka yote nilikuwa nayatupa, kumbe ndiyo yanayokipa kitumbua mwili. Bila machicha, wali na ndizi vinatoa kitu laini kama ulimi wa ng'ombe. Ukiyaweka, kinashikana na kinatafunika. Kwa mtoto mdogo zaidi yasage tena kwenye blenda, maana nyuzinyuzi ndefu zinamkwama kooni.

Mchanganyiko wa pili hauna utamu: viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vilivyobaki kwenye chai ya asubuhi, au boga, yai, unga kidogo, na kijiko cha dagaa niliowaosha, nikawakaanga wakavu na kuwasaga unga. Chumvi hapana, dagaa wana yao. Harufu yake haimpendezi kila mtu. Mtoto anavipenda kuliko vya ndizi, sijui kwa nini, na mimi mwenyewe navila vikiwa vya moto na pilipili ya kukaanga.

Papai lilinishinda. Nilikuwa na kipande kilichoiva sana nikakisaga na yai na unga kama kawaida, matokeo yake uji ulikuwa mwepesi, ukashika kila mahali, na ulikuwa na uchungu kwa mbali. Baadaye nikakumbuka kwamba papai bichi ndilo tunalolainishia nyama. Lina kimeng'enya kinachovunja protini, na ingawa likiiva kinapungua, huenda ndicho kilicholivunjavunja yai langu. Papai apewe kwa kijiko hivyo hivyo. Embe nyuzi nazo zinajisokota kwenye visu vya blenda, msijisumbue.

Kuna viporo ambavyo havifai kupewa kazi, hapo mama mkwe na mimi tunapishana. Yeye wali ulioshinda kwenye sufuria juu ya jiko tangu saa mbili usiku anauita kiporo. Mimi wali wa mtoto naupooza kwenye sinia pana baada ya kula, na ndani ya saa mbili unakuwa kwenye friji. Wali uliokaa kwenye joto la Dar usiku kucha unaweza kuwa na bakteria wanaotoa sumu, na sumu hiyo haifi ukiupika tena. Umeme ukikatika usiku na friji likashinda limezima, wali ule unaenda kwenye taka bila mjadala. Karanga hali kadhalika. Nzima simpi, zinapalia. Za kusaga nazichagua moja moja mchana kwenye mwanga, na yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi natupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa nafaka zenye sumu hiyo, kwa hiyo hapo habari ya kutotupa chakula naiweka pembeni.

Kasoro za chuma chenyewe sasa.

Uzito. Kilo mbili na robo pamoja na uji, juu ya ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita wenye jiko lake kichwani, kinayumba. Kitako chake ni cha mviringo na vile vyuma vitatu vya jiko havikikamati vizuri. Mara mbili kimelala upande. Sipiki mtoto akiwa jikoni, na sitanii: mafuta ya moto, chuma kizito na mtoto anayevuta kila kinachoning'inia haviwezi kukaa chumba kimoja. Napika usiku akiwa amelala, au baba yake akiwa amemshika. Kwenye jiko la mkaa kinakaa kama kimezaliwa pale, na joto linasambaa vizuri zaidi, ila mkaa nao bei yake mnaijua.

Mpini ni chuma vilevile, unaungua sawa na tundu. Muuzaji hakunipa chochote cha kuushikia. Nilishona mfuko mdogo kwa vipande vya kitenge, tabaka nne, ndani nikaweka kipande cha blanketi. Jirani alipouona akataka na wake, na wa shoga yake. Hapo nimepata elfu nne ambazo sikuzitarajia.

Tundu la katikati linaungua kabla ya mengine. Kwenye gesi ndogo moto uko pale pale chini yake, yale ya pembeni yanasubiri. Dawa niliyoipata ni kulijaza la katikati mwisho na kulitoa mwanzo. Mzunguko mmoja kwa moto mdogo, nikiwa nimefunika kwa mfuniko wa sufuria, unachukua kama dakika nane. Wali, yai na vyote lazima viive hadi katikati; nakipasua kimoja kwanza kabla sijavitoa vingine.

Na watu wasiwadanganye kwamba chuma kitamaliza upungufu wa damu. Ni kweli chombo cha chuma kinaachia madini ya chuma kidogo kwenye chakula, hiyo ni faida. Lakini mtoto akiwa na damu ndogo anapelekwa kliniki.

Dada yangu ana mashine ya umeme ya matundu saba, nyepesi, inawaka taa nyekundu na kijani. Ni tamu kuitazama. Ilipofika mwezi wa sita ule utando mweusi wa kuzuia kushika ulianza kubabuka, na fundi hana cha kuufanya. Ipo kwenye boksi lake mvunguni. Hicho nacho ni taka, ila kimechelewa kufika kwenye ndoo.

Kuhifadhi si kazi. Vikipoa kabisa navipanga kwenye bakuli la kioo lenye mfuniko, siku mbili kwenye friji, asubuhi navirudishia moto kwenye chuma hicho hicho bila mafuta. Vya kwenda navyo kwa anayenilelea mtoto navifunga kwenye kitambaa cha pamba nilichokipinda pindo mwenyewe, kisha ndani ya kopo la siagi lililokwisha. Usiweke vikiwa vya moto. Vinatoa jasho, vinalowa, na kopo lile halikutengenezwa kwa vitu vya moto.

Gharama sizifichi: ndizi za kuiva sana jioni nauziwa tatu kwa mia mbili kwa sababu kesho hazitauzika, yai mia nne, unga na mafuta kama mia tatu. Wali na machicha vilikuwa vinakwenda kutupwa. Karibu shilingi mia tisa kwa vitumbua kumi na vinne, gesi bado sijaihesabu. Muda ndio unauma. Nusu saa ya usiku, baada ya kushona kutwa, na kuna siku nimenunua biskuti kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusimama. Mwezi huu ndoo ya jikoni nimeichambua tena, safari hii kwa makusudi. Karatasi za biskuti zilikuwa nne. Moja ni ya baba yake.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mpini na kitako.

Juzi nilirudi pale Kariakoo kumnunulia dada yangu cha kwake. Bei imepanda, elfu ishirini na tano mwisho. Yule muuzaji alinitambua kutoka mbali, akaita, "Mama sumaku!" Alikuwa na wateja wawili wamesimama, mmoja ameshika chombo cheusi anakipima kwa mkono. Akanivuta pembeni, akaniomba nimuuzie ile sumaku. Nikamwambia ni ya friji, na mlango ule bila hiyo haukai.